Hodi za Demetria

Nyumba ilikuwa na paa, haikuwa na ukuta. Ilisimama pale Temeke kando ya mikorosho, juu makuti mapya, chini mbavu tupu za fito, kama dema la samaki lililovikwa kofia. Kuku waliingia upande huu wakatokea upande ule bila kuinama. Mbuzi wa majirani walikwisha kupafanya kivuli chao cha mchana. Na kila mpita njia alikuwa na neno lake.

"Nyumba ya karani hiyo. Ina madirisha mengi kuliko Boma."

Karani mwenyewe, Gaspar, alikuwa amekwisha kufa. Aliugua kifua, akalazwa, hakurudi. Aliacha kiwanja, na juu ya kiwanja ile miti aliyoisimamisha fundi Mbonde. Aliacha cherehani ya mkono, na mtoto wa kike, Yustina, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Aliacha na mke, Demetria, mtu wa Bukoba kama yeye, mwenye maneno machache na macho mengi. Walikuwa wamepanga chumba nyuma ya duka la Abdulhussein wakingoja nyumba iishe. Sasa alikuwa akingoja peke yake.

Matanga yalipoondolewa, kaka wa marehemu, Revelian, ambaye naye ni karani, alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Shemeji, hapa mjini unakaa na nani? Turudi nyumbani. Kibanja kipo, ndizi zipo, wazee wapo."

Demetria alikijua kibanja hicho. Alijua pia mahali pake ndani yake: kona ya jiko la mke wa Revelian, aitwe yule aliyerudi, mpaka azeeke. Hapa alikuwa na cherehani, na mahali pa kuiweka alikwisha kupaona: barazani, upande unaopigwa na jua la asubuhi, watu wakipita kwenda bombani kuchota maji.

"Nitakaa kwenye nyumba ya Gaspar," akasema.

Revelian akacheka, wala si kwa ubaya. "Nyumba? Lile ni tenga, shemeji. Sikiliza. Mie nakwenda Tanga kikazi. Masika yakikaribia nitakuwa nimerudi. Nikikuta ukuta, nitakula chakula changu humo ndani, nikuage, niende zangu. Nikikuta fito, tunafunga mizigo, na maneno yasiwepo tena."

"Hayatakuwepo," akajibu Demetria.

Akaenda moja kwa moja kwa fundi Mbonde. Fundi alikuwa akinoa shoka lake, hakuinua hata kichwa.

"Ukuta si kazi ya fundi, mama Yustina. Fundi husimamisha miti, akaezeka, akaondoka. Udongo ni kazi ya watu. Tafuta watu. Na ufanye upesi, mvua zikishika udongo haukauki, utaporomoka wote."

Watu, basi. Demetria aliwatafuta kwa njia aliyoijua. Kwao habari ya kazi husemwa baada ya misa, ikatoka pale na kila mtu kwenda kwake. Akamwomba Anselmo, katekista, naye akaitangaza: Jumamosi, kukandika nyumba ya marehemu Gaspar. Kisha, kwa kuwa majirani wengi ni Waislamu na kanisani hawafiki, akamwomba Sherbanu, mke wa Abdulhussein, awaambie wateja pale dukani.

"Nimewaambia wote," alisema Sherbanu Ijumaa jioni, akihesabu kwa vidole vilivyojaa unga wa bizari. "Wa mafuta ya taa, wa sabuni, wa chumvi. Hata aliyekuja kuomba moto nimemwambia."

Jumamosi Demetria aliamka akapika ndizi na maharage, akachinja kuku. Alikwisha kuchimba udongo nyuma ya nyumba, umekaa kichuguu. Akasimama kando yake na ndoo.

Alikuja Anselmo na jembe lake. Akakunja suruali, akaukanyaga udongo peke yake huku akiimba wimbo wa kanisa. Jua lilipopanda wakaja kumwita, kuna mgonjwa anataka sala. Akaondoka na miguu yake imejaa udongo.

Ng'ambo ya njia, majirani walikaa kwenye baraza la Binti Pazi wakisuka ukili wa mikeka. Walitazama. Hawakucheka, wala hawakuinuka. Demetria akakanda, akatwaa donge, akalibandika kwenye fito. Donge jingine, na jingine. Mpaka alasiri alikuwa amefunika kipande cha kona ya mbele, kisichozidi kanga iliyotandazwa. Akajifuta, akajitwisha sufuria, akarudi chumbani. Kuku wake waliliwa na wanawe Anselmo. Ndizi wakala wajukuu wa Sherbanu, wakasema ni viazi vibaya.

Usiku ule hakulia. Alikaa akafikiri. Watu wale ni watu wema. Mtu akifa hapa, amewaona wenyewe wakijaa uani mpaka pa kukanyaga hapapatikani. Sasa kwake wana nini? Kulipokucha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie Temeke. Akavuka njia.

"Hodi."

"Nani huyo?"

"Mie, mama Yustina. Wa nyumba ile."

"Ile ya madirisha?" Barazani wakaangua kicheko. Binti Pazi, bibi wa Kizaramo aliyenyooka kama mchi, akasogea akampisha mkekani. "Karibu, mwanangu. Leo posta imesimama!"

Demetria akaketi. "Posta ipi, bibi? Na shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye posta. Hukujua? Gari la posta, ndilo jina lako hapa. Asubuhi vuu, kanisani. Jioni vuu, dukani. Na shikamoo yako unaitupa huku unakwenda, kama mtu anamwagia kuku mtama."

Wakacheka tena, na mmoja akamwondolea Yustina mgongoni, akampa kipande cha muhogo. Wakaongea habari za mihogo, habari za mtoto kuota meno. Demetria alipoona kimya kimeingia, akauliza.

"Bibi, jana hamkusikia kwamba nakandika?"

"Tulisikia. Mhindi katuambia tukinunua chumvi."

"Sasa mbona hamkuja?"

Binti Pazi akaweka ukili wake chini. "Kusikia si kuambiwa, mwanangu. Neno la dukani ni la dukani. Mtu huambiwa kwake, amekaa, na wewe umekaa. Ukiniambia hapa mlangoni kwangu, nami nisije, aibu ni yangu, hata wajukuu wangu wataibeba. Nikisikia dukani nisije, aibu ya nani? Ya chumvi?"

Demetria akaikumbuka Bukoba. Kwao kila nyumba imejificha katikati ya migomba yake, na anayeingia kwenye migomba ya mwenzake bila shughuli huyo ni mpelelezi au mwizi. Alifundishwa tangu mdogo kuinamisha macho na kupita. Mama yake angemwona anavyopita Temeke angemsifu. Kumbe adabu yake ya Bukoba ndiyo ilikuwa kiburi chake hapa.

"Na wale kuku," akauliza Binti Pazi, "aliwachinja nani?"

"Mie mwenyewe."

"Mie mwenyewe!" Bibi akashika mbavu. "Jamani, msikieni! Basi hata tungekuja tungekula ndizi, na kuku tukawatazama."

Demetria naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Gaspar afariki. "Niende nyumba zipi, bibi?"

"Zipi! Nenda zote. Ukiruka moja, hiyo moja ndiyo itakayosema."

Basi akazianza. Yustina mgongoni, kanga imekazwa, akapita nyuma ya nyumba ya Binti Pazi kwenye kichochoro ambacho siku zote alidhani hakina mwisho. Kikatokea kwenye uwanja mpana ambapo wanawake walikuwa wakitwanga, na mpaka siku ile hakuwa akijua kwamba sauti ile aliyokuwa akiisikia kila asubuhi akiwa kitandani inatoka pale. "Hodi jamani!" "Karibu, pokea mchi!" Akapokea. Alitwanga nao mpaka kiganja kikamwasha, ndipo akakaa, ndipo akasema.

Temeke ile aliyoijua yeye ilikuwa njia moja ya kanisani, moja ya dukani na moja ya bombani. Temeke nyingine ilikuwa imelala nyuma yake muda wote, ikimngoja. Kulikuwa na mama wa Kimanyema anayetia rangi ukili, na ua wake mzima umetandazwa zambarau na manjano kama sikukuu. Kulikuwa na kinyozi aliyetundika kioo kwenye mkorosho, na wateja wake wanabishana habari za mpira huku nusu ya kichwa imenyolewa. Kulikuwa na kisima cha zamani chenye maji matamu kuliko ya bomba, na kila nyumba iliapa kwamba aliyekichimba ni babu yao. Kila hodi ilifungua ua, na kila ua ulimwonyesha mlango mwingine.

Na kila alipoketi alikula. Mihogo kwa huyu, uji kwa yule, chai ya tangawizi kwa wa tatu, na kukataa hakuna. Jioni alirudi kwa Sherbanu tumbo limekaza kama ngoma, akanyoosha miguu akasema, "Shoga, nyumba hii nitaijenga kwa tumbo."

Kwenye nyumba ya makuli wa bandarini, wanaume peke yao wanaolala kwa zamu, alisita kidogo. Akapiga hodi. Akatoka Gregori, Mngoni mwenye mabega kama mlango.

"Jumamosi hatuendi kazini," alisema Gregori alipokwisha kumsikiliza. "Lakini mama, ule udongo uliouchimba nyuma ya nyumba, tumeuona tukipita. Ule ni mchanga. Utashika leo, kesho chini."

Demetria akakumbuka kipande chake cha kona. Alipotoka pale akaenda kukitazama. Kilikuwa kimelala chini, vumbi tupu.

"Udongo wa kweli uko bondeni, kwenye majaruba ya mpunga," Gregori alikuwa amemwambia. "Mwekundu, unanata kama uji wa ulezi. Tutaubeba sie."

Siku zikaenda, na mawingu yakaanza kuja kutoka baharini kila mchana na kurudi. Ijumaa ilimkuta Demetria amebakiwa na nyumba moja, ya mwisho kabisa, inayoelekea njia ya Mtoni. Alipoiulizia, wanawake wa kisimani wakatikisa vichwa.

"Pale kwa Bi Siwema? Usijisumbue. Miguu yake haitembei miaka mingi. Na ulimi wake una miiba, atakutia mchubuko bure."

Jua lilikuwa linatua. Yustina alikuwa amelala, mzito kama gunia. Mtu asiyeweza kusimama atakandika nini? Demetria akageuka kurudi, akapiga hatua kadhaa, akasimama. Ukiruka moja. Akageuka tena.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, wenyewe!"

Kimya. Mara ya tatu ikatoka sauti ndani, nene, yenye mkwaruzo. "Sijafa. Nasikia. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuamkia, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekwisha kuniamkia. Nenda."

Demetria akaingia akaketi mkekani. Bi Siwema alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, miguu imefunikwa kaniki, macho makali kama ya kunguru. Ukutani ilitundikwa ngoma. Hakuna aliyesema. Kukaa kimya ndiyo kazi moja ambayo Demetria aliijua kuliko mtu yeyote Temeke, akaifanya vizuri.

Mwisho bibi akashindwa. "Wewe una ulimi?"

"Ninao, bibi."

"Mbona huutumii?"

"Nangoja wako upoe."

Bi Siwema akamkodolea macho. Kisha kifua kikaanza kutikisika, kicheko kikapanda kama maji ya kisima, akacheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema akijifuta machozi. "Haya, posta. Umeleta nini?"

"Kesho nakandika. Nimekuja kukuambia."

"Mie? Nikandike kwa miguu ipi?"

"Sikuifuata miguu, bibi. Nimekufuata wewe."

Bibi akageuza kichwa. Akaitazama ile ngoma ukutani, muda mrefu. "Nenda kalaze mtoto," akasema mwishowe, na safari hii sauti haikuwa na mkwaruzo.

Jumamosi kulipambazuka na mawingu. Fundi Mbonde alikuja mapema akachinja kuku kwa bismillahi, akala tambuu, akakaa. Demetria akasimama mbele ya nyumba yake ya mbavu. Ng'ambo ya njia, baraza la Binti Pazi lilikuwa tupu, na utupu ule ukamshika roho. Leo hata wa kutazama hawapo?

Ndipo aliposikia. Kwanza ngoma, mbali, upande wa Mtoni. Kisha sauti moja nene juu ya ngoma, kisha sauti nyingi chini yake. Kwenye kona ya mikorosho wakatokea makuli wa bandarini, wamebeba kitanda cha kamba mabegani kama wanavyobeba magunia, na juu ya kitanda amekaa Bi Siwema, kanga mpya kichwani, ngoma mapajani. Demetria hakuwa na habari kwamba zamani huyu ndiye alikuwa manju wa ngoma zote za Temeke, na kwamba tangu miguu yake ilipokufa hakuna aliyewahi kwenda kumwambia lolote.

"Posta ilipita vuu!" akaghani bibi.

"Haikusimama!" wakaitika.

"Leo imepiga hodi!"

"Leteni udongo!"

Na udongo ukaja. Ulikuja kwenye magunia na makarai, mwekundu, unanata. Nyuma yake Binti Pazi na wanawake wa uwanja wa kutwangia, madebe ya maji vichwani, maji ya kisima kile ambacho kila mtu husema ni cha babu yake. Alikuja kinyozi, na mteja wake aliyenyolewa nusu. Alikuja mama wa Kimanyema, mikono bado zambarau. Alikuja Anselmo na jembe lake, akaziacha nyimbo za kanisa akaitika za Bi Siwema. Wanaume wakakanyaga, ngoma ikiwaka wanakanyaga mbio, ikipoa wanapumua. Wanawake wakafinyanga madonge, watoto wakayapokeza, na mikono mingi ikabandika ndani na nje kwa pamoja, mpaka waliokuwa wakitazamana kupitia fito hawakuonana tena.

Sherbanu alileta birika la chai kubwa kama mtungi. Akalitua, akatazama kidogo, akavua bangili zake akamfungia Demetria kwenye pembe ya kanga, akazamisha mikono. Kutoka njiani Abdulhussein akaita, "Sherbanu! Duka anaangalia nani?"

"Wewe!" akajibu mkewe, na donge lake likaganda ukutani, pwaa!

Mchana, kazi imeiva, mtu mmoja akaja akishuka na njia. Kaptula nyeupe, soksi nyeupe mpaka magotini, sanduku mkononi. Akasimama mbele ya umati ule asiamini.

"Arusi ya nani hii?" akauliza.

"Ya nyumba," akasema Binti Pazi, na donge likamtoka mkononi likatua katikati ya soksi ya kulia. Ndiyo desturi: apitaye penye kukandika na mikono misafi hachekewi.

"Mie ni shemeji wa mwenye nyumba!" akafoka Revelian.

"Ndiyo maana tumekurushia dogo!"

Kicheko kilipasuka mpaka mikoroshoni. Juu ya kitanda chake Bi Siwema hakupoteza nafasi. "Shemeji kaja na sanduku!" akaghani. "Atalitia udongo!" wakaitika. Revelian akamtafuta Demetria kwa macho. Alikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, tope mpaka viwiko, anafunika juu ya mlango. Alimtazama shemeji yake. Kisha akamwonyesha kwa kidevu kipande kimoja kilichobaki, kona ya mbele, pale pale alipokuwa amebandika mchanga wake peke yake.

Revelian akaweka sanduku chini. Akavua viatu. Akavua soksi, akazikunja, akazitia ndani ya viatu. Na karani yule akainama akachota.

Alipoziba tundu la mwisho vigelegele vilipaa hata mbuzi wakakimbia. Kama vile mawingu nayo yalikuwa yakingoja ruhusa, manyunyu yakaanza, mepesi, yakigonga makuti. Watu wote wakajazana ndani, na kitanda cha Bi Siwema katikati, kwenye harufu ya udongo mbichi. Wali ukapakuliwa. Ukuta ulikuwa bado una alama za vidole vya kila mtu. Sherbanu alikuwa akimwonyesha Yustina vyake.

Revelian alikuwa amebaki nje akinawa miguu kwa maji ya debe. Alipomaliza akaja, akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Wee!" Sauti ya Bi Siwema ikamsimamisha mguu hewani. "Unaingia kama kuku? Zamani hapa palikuwa fito. Sasa nyumba hii ina mwenyewe."

Revelian akaurudisha mguu nje. Akasimama upenuni, manyunyu yakimlowesha shingo, kofia mkononi, akamtazama mke wa mdogo wake aliyekaa ndani ya kuta zake.

"Hodi," akasema.

Demetria aliisikia. Hakuwa na haraka. Aliiacha ikae kidogo pale mlangoni, ili na kuta nazo ziisikie.

"Karibu, shemeji," akasema. "Pita ule."